Kitenge Chekundu Hakijafuliwa

Sehemu ya saba

Mkasi ulikuwa hewani, msomaji, na wewe ulikuwa umeshikilia roho yako. "Wifi," Sindano aliuliza, "hiki chekundu umeshakifua?" Tukakuacha hapo wiki nzima. Najua wengine mmetulaani. Haya, jibu ni hili hapa.

"Kata tu," alisema Dada Hereni.

Si ndiyo, si hapana. Kata tu! Akageuza uso, akajifanya anatafuta kopo la vanishi ambalo lilikuwa mbele ya pua yake.

Mkasi ukashuka. Kitenge kipya chekundu, yadi sita kamili, kikaanza kugeuka vipande vya upana wa vidole viwili.

Kwa wewe uliyejiunga nasi leo, jua hivi. Katika chumba cha mbele cha nyumba ya Mama, ambamo kitenge hugeuzwa hereni, bangili na mikufu, kuna amri moja. Kitenge kipya hakiguswi na mkasi mpaka kilowekwe kwenye beseni la maji ya chumvi, kisuuzwe, kilowekwe tena, hadi maji yatoke meupe. Kisipofuliwa kinachuja rangi kikikutana na jasho. Hereni haina neno, inaning'inia hewani. Lakini mkufu unalala shingoni kwa mtu.

Amri hiyo ilitungwa na Dada Hereni mwenyewe, miaka kumi iliyopita, alipokuwa anaokota vipande chini ya meza za mafundi cherehani na watu wakimcheka. Jina lenyewe alilipata kwa hereni zake kubwa za kitenge, ambazo hata sokoni haendi bila kuzivaa. Na Sindano ni nani? Ni mke wa kaka yake, mwembamba, mpole, aliolewa miaka minne iliyopita akiwa hajui hata kutunga uzi. Dada Hereni ndiye aliyemfundisha kila kitu.

Akamfundisha mno.

Mwezi uliopita Mwalimu wa kwaya alikuja kutaka mikufu ishirini na minne ya mashindano, ivaliwe juu ya blauzi na mashati meupe. Mama ni mwimbaji wa kwaya hiyo, sauti ya pili, na ndiye aliyemleta. Dada Hereni akatoa mkufu wake wa kadibodi na gundi, umepakwa vanishi mpaka unang'aa. Sindano akatoa wake: kamba tatu za pamba zilizoviringishiwa kitenge, zikasukwa, zikashonwa kwa mshono usioonekana, zikafungwa kisogoni kwa kifungo kilichovikwa kitenge hicho hicho.

Mwalimu aliivaa yote miwili, mmoja baada ya mwingine, akaimba mstari mzima huku akigeuza shingo.

"Huu wa kamba unapumua," alisema. "Ule mwingine unanikaba."

Na Mama, mama mzazi wa Dada Hereni, akapiga makofi. "Mwanangu huyu mikono yake ina baraka!" Alimshika nani bega? Mkwe wake!

Tangu saa ile Dada Hereni alikuwa na kijiba cha roho. Miaka kumi ya kujichoma vidole kwa gundi ya moto, hajawahi kusikia neno baraka. Alitaka kitu kimoja tu duniani: Mama asimame mbele za watu, aseme kazi hii ni ya mwanangu, na mwanangu huyo awe yeye.

Ndiyo maana akasema kata tu.

Siku ya kwanza ya kazi, kaka yake aliingia na soda ya baridi. Chupa moja. Akampa mkewe.

"Na mimi?" aliuliza Dada Hereni.

"Wewe si hupendi soda, dada?"

"Nani kakwambia?"

Kaka akacheka, akatoka. Sindano akamsogezea chupa. "Kunywa, wifi, mimi sina kiu."

"Kunywa mwenyewe. Wewe ndiye unayefanya kazi."

Siku ya pili Mama alikuja kujaribu mkufu wa kwanza mbele ya kioo. Aliugusa, akajigeuza ubavu, akaachia tabasamu ambalo Dada Hereni hakuwa ameliona siku nyingi.

"Eh, wifi yako kakupita!" Mama alitania. "Usinune basi. Si wewe uliyemfundisha? Sifa ni yako hiyo."

Dada Hereni alicheka kwa meno tu. Subiri jasho, alisema moyoni. Subiri tu.

Siku ya tatu mikufu ilikamilika, ikatandazwa juu ya shuka safi. Dada Hereni aliipitia mmoja mmoja akitafuta kasoro. Mshono uliolegea? Hakuna. Kifungo kilichopinda? Hakuna. Ilikuwa mizuri, na hilo ndilo lililomuuma kuliko yote. Mara mbili alifungua mdomo aseme, na mara mbili Sindano alikuwa anaimba nyimbo za kwaya kwa furaha, naye akaufunga.

Mwalimu alifika asubuhi ya mashindano, sauti yake ikiwa imemtangulia tangu kona ya barabara.

"Hodi humu! Mikufu yangu iko wapi? Saa nane tunapanda jukwaani!"

Alichukua mmoja, akauinua dirishani, akapiga mluzi. "Fundi mwenyewe yuko wapi nimpe mkono?"

Dada Hereni alitazama sakafu. Haya, sema ni wewe, alimwambia wifi yake kimoyomoyo. Jisifu. Jisifu sana!

Sindano akainamisha kichwa kwa adabu. "Fundi ni dada, mwalimu. Mimi nimeshika sindano tu."

"Nini?" Dada Hereni aliruka.

"Usione haya, wifi. Mwalimu, hebu angalia nyuma ya kifungo."

Mwalimu akageuza mkufu. Nyuma ya kifungo palikuwa na lebo ndogo nyeupe, imetariziwa kwa uzi mweusi: DADA HERENI. Akageuza wa pili. DADA HERENI. Wa tatu. DADA HERENI.

Mama alitoka ndani na blauzi yake nyeupe, akayaona majina, akawakumbatia wote wawili kwa mkupuo. "Angalia watoto wangu wanavyopendana!"

Dada Hereni alipiga hesabu. Ishirini na minne! Jina lake likiwa limekaa kisogoni kwa watu ishirini na wanne, na chini ya kila jina rangi inasubiri jasho la kwanza.

Usidhani alishikwa na huruma, msomaji. Huruma ilikuwa bado haijafika. Kilichomshika ni woga mtupu.

"Mwalimu, niachie kidogo niipige pasi."

"Imenyooka."

"Basi niisuuze. Haraka tu."

"Uisuuze? Saa hizi? Ikauke lini?"

"Ina vumbi!"

"Vumbi gani, wifi?" Sindano alimtazama kwa macho makubwa. "Si nimeifunika siku zote tatu?"

"Basi wasiivae mpaka wawe wanapanda jukwaani!"

"Na picha?" Mwalimu alianza kukunja uso. "Mpiga picha anakuja saa saba. Dada, hii kazi umenipa au unaninyang'anya?"

Mama alimgusa shavu. "Mwanangu, mbona unatoka jasho?"

"Joto, mama."

"Basi twende wote. Vifungo viko kisogoni, sisi wenyewe hatuvifikii. Nyie wawili mtatufunga."

Nje ya ukumbi palikuwa na kibanda cha vipodozi. Dada Hereni aliwaacha wenzake watangulie, akanunua makopo matatu ya poda ya watoto ya kukausha jasho. Muuzaji akamuuliza kama amejifungua pacha. Akalipa, akakimbia.

Chumba cha kusubiria nyuma ya jukwaa kilikuwa na dirisha moja na feni isiyozunguka. Waimbaji walikuwa wamesongamana humo na nguo zao nyeupe, wakipasha sauti, wakijipepea kwa karatasi za nyimbo. Dada Hereni akaanza kazi. Shingo, poda. Shingo, poda. Kisha mkufu.

"Dada, mbona unanipaka poda kama mtoto mchanga?" alilalamika mama mmoja wa sauti ya kwanza.

"Ndiyo mtindo wa sasa."

"Mtindo wa wapi huo?"

"Geuka!"

Alipomaliza shingo kumi na mbili aliinua kichwa kumtafuta Mama. Alichelewa. Mama alikuwa amekwisha fungwa mkufu wake na Sindano, bila chembe ya poda, na sasa anazunguka chumbani akionyesha watu. "Guseni! Guseni muone mshono!"

Kando yake mwanamume wa besi, mtu wa mwili mkubwa, alijifuta shingo kwa leso nyeupe. Akaitazama leso. Ilikuwa nyekundu.

"Heh! Nimejikata wakati nanyoa?"

"Umejikata," Dada Hereni alisema haraka, akamnyang'anya leso. "Vibaya sana. Usijiguse tena."

Alimshika Sindano mkono, akamburuta mpaka kwenye stoo ya viti na ngoma, akafunga mlango.

"Kinachuja!"

"Nimeona," alisema Sindano.

Aliyasema maneno hayo kwa utulivu mno. Dada Hereni akabaki ameshika kitasa.

"Umeona? Umeona tu? Watu wazima ishirini na wanne na nguo nyeupe, wewe unaniambia umeona?"

"Nilikuuliza kama umekifua. Ukasema kata tu."

"Sikusema nimekifua! Kumbuka vizuri, sikusema!"

"Najua hukusema. Wala sikukuuliza kwa kuwa sijui." Sindano alisogea karibu. "Miaka minne nashika vitenge, wifi. Kisichofuliwa kina uwanga, kinakwaruza kidoleni, kinanuka duka. Mkono wangu si wa ubao. Nilikuuliza nione kama utasema kweli."

"Na ukakata."

"Nikakata."

"Ukijua?"

"Nikijua. Na lebo nikaanza kuzitarizi siku hiyo hiyo, nikazishona usiku wa mwisho ulipolala."

Dada Hereni alikaa juu ya ngoma kwa kishindo. Wapole hawa! Miaka minne amekula naye sahani moja, akidhani ndani ya yule mwembamba hamna kitu ila unyenyekevu.

"Uliweka jina langu ili aibu iwe yangu."

"Na wewe ulinyamaza ili aibu iwe yangu. Tumetoshana."

"Nimekukosea nini mimi? Nilikuokota hujui sindano hujui uzi!"

"Ndiyo hiyo!" Sauti ya Sindano ilipanda, akaishusha kwa nguvu. "Hiyo hiyo! Nikishona vizuri, kafundishwa na wifi yake. Nikiharibu, aa, mke wa kaka hajui kazi. Nikijitungia mkufu wangu mwenyewe, na kichwa changu mwenyewe, mama anakwambia sifa ni yako. Mbele yangu! Mimi lini nitakuwa na kitu changu?"

"Wewe? Wewe unayeambiwa una mikono ya baraka? Miaka kumi, Sindano! Miaka kumi mama hajanisifia hata kifungo!"

"Hajakusifia?" Sindano alicheka cheko la uchungu. "Ukitoka tu mlangoni, anaanza. Hereni hivi, Hereni vile. Majirani wamechoka. Juzi kamwambia muuza mkaa kwamba bila wewe nyumba hii isingesimama. Natamani niwe naziba masikio."

Dada Hereni alimwangalia kama mtu aliyeambiwa habari za mji mwingine. "Kwangu hajawahi kusema."

"Kwako atasema nini? Wewe ni wa kuzaa. Mimi ananibembeleza, kwa sababu mimi ni wa kuja. Mtu hambembelezi wa kwake."

 Nje Mwalimu alikuwa anapiga makofi, sauti zinapanda na kushuka. Na hapo, msomaji, ndipo huruma ilipofika, imechelewa na haina hata aibu. Dada Hereni alimwona akilini Mama akizunguka na ule mkufu, akiwaambia watu waguse, na moyo ukamuuma kweli.

"Shingo ya mama iko wazi, Sindano. Hana hata poda. Na jina langu liko shingoni mwake."

"Si lako."

"Nini?"

"Kwenye ishirini na mitatu ni lako. Wa mama nimeweka langu." Sindano alikuwa anajifuta macho kwa mkono wa blauzi. "Nilishindwa. Nilijua utachuja. Lakini nilisema, hata ukichuja, nataka ajue ni mimi."

Dada Hereni alisimama. Kama angepata nafasi angemzaba kofi, na kama angepata nyingine angemkumbatia. Hakupata hata moja.

"Tuwavue. Yote. Sasa hivi. Wataimba shingo tupu, hawatakufa."

Wakafungua mlango wakatoka mbio.

Chumba kilikuwa kitupu. Poda sakafuni, karatasi za nyimbo juu ya dirisha, feni isiyozunguka. Mlinzi aliyekuwa amesimama mlangoni akawaambia kwamba kwaya iliyopaswa kutangulia haijafika, kwa hiyo hii imeitwa mapema.

"Mapema lini?"

"Sasa hivi. Si mnasikia makofi?"

Walipita kwenye ujia wa pembeni wakikanyaga miguu ya watu, wakaomba radhi bila kusimama, wakaishia safu ya tano. Hapo walikaa kwa sababu hapakuwa na pengine pa kwenda. Jukwaani taa zilikuwa zimewashwa zote. Weupe wa nguo ulikuwa unawaka, na juu yake mikufu myekundu imelala kwa mstari mmoja. Kwa mbali ilipendeza kiasi kwamba watu walikuwa wananong'ona. Majaji watatu waliinua vichwa.

Mwalimu akainua mikono. Lakini badala ya wimbo kuanza, Mama akatoka mstarini. Alitembea mpaka kwenye kipaza sauti, akakipigapiga kwa kidole.

"Mwalimu anisamehe, naomba nusu dakika. Hapa nyuma nimeulizwa na kila kwaya mikufu hii tumenunua duka gani. Hatukununua dukani. Imetengenezwa nyumbani kwangu." Sauti yake ilitetemeka kidogo kwa fahari. "Mwanangu, najua umo humu ndani. Simama watu wakuone."

Ukumbi ukapasuka kwa makofi.

Hakusimama mtu.

"Anakuita," Sindano alinong'ona.

"Anakuita wewe. Wote wawili anatuita mwanangu."

"Wewe ndiye wa kuzaa!"

"Jina lililo shingoni kwake ni lako!"

"Hayo mengine ishirini na matatu ni ya nani? Simama, wifi."

"Simama wewe!"

Mwezi mzima walikuwa wamegombania neno hilo, kila mmoja tayari kumzamisha mwenzake alipate. Leo limekuja lenyewe, mbele ya ukumbi mzima, na kila mmoja anamsukumia mwenzake kwa viwiko. Watu wa safu ya nne walianza kugeuka.

Mama alicheka. "Anaona aibu, mwanangu. Basi nitawaonyesha mimi." Akaufunika mkufu kwa kiganja chake, akaukandamiza kifuani kama mtu anayeapa, kisha akainua mkono juu kuwapungia watu.

Kiganja kilikuwa chekundu pyu.

Ukumbi ulikiona kabla yake. Makofi yakafifia, yakabaki ya mtu mmoja huko nyuma ambaye macho yake hayaoni mbali, naye pia akanyamaza. Mwanamke wa safu ya mbele akapiga yowe kwamba ni damu. Kwenye kola ya Mama mstari mwekundu ulikuwa unashuka taratibu, na nyuma yake yule wa besi alikuwa anajipapasa shingo kwa mikono yote miwili.

Mama akakitazama kiganja chake. Akakisugua kwa kidole gumba. Akakinusa. Yeye ni mama wa fundi, ameishi na mabeseni ya maji ya chumvi miaka kumi. Hakuhitaji kuelezwa.

"Mwanangu," alisema. Alisema polepole, lakini kipaza sauti kilikuwa wazi. "Nani kakata kitenge hiki kibichi?"

Dada Hereni alisimama. Hereni zake zilikuwa zinatikisika. Hakujua kwamba Sindano naye amesimama, mpaka alipofungua mdomo na kusikia sauti mbili zikitoka kwa pamoja.

"Ni mimi, mama."

Watu mia tatu wakageuza shingo. Jaji wa katikati akaweka kalamu chini. Mwalimu wa kwaya alikuwa bado ameinua mikono, amesahau kuishusha.

Mama aliwatazama, mmoja baada ya mwingine, muda mrefu. Kisha akakisogeza kipaza sauti karibu zaidi na mdomo wake.

"Wapandisheni hapa," alisema. "Wote wawili."